Kuchagua tableti ya familia: anza na mtumiaji, saizi ifuate, bei ije mwisho

Ndugu zangu, mtu akitaka tableti swali lake la kwanza karibu kila siku ni "nzuri inauzwa bei gani?" na hapo hapo ndo anaanza kupotea njia, maana bei haikuambii kitu mpaka ujue nani ataishika, ataishikia wapi, na kwa masaa mangapi kwa siku. Nimeona tableti za pesa nyingi zimelala kabatini miezi na miezi kwa sababu ni kubwa mno kwa aliyenunuliwa, na nimeona za bei ya chini zinafanya kazi kila siku bila shida kwa sababu mtu alijua anachotafuta. Kwa hiyo twende taratibu, hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: Andika nani ataitumia, na ataitumia kufanya nini

Chukua karatasi, orodhesha watu wa nyumbani, mbele ya kila jina andika kazi moja au mbili tu. Mtoto wa miaka 5: katuni na kuchora. Binti wa sekondari: kusoma PDF za shule na kufanya mitihani ya majaribio. Mama: kupiga simu za video na kusoma habari. Bibi: kuona picha za wajukuu na maandishi makubwa. Halafu jiulize ni nani kati yao ataishika masaa mengi kuliko wengine, huyo ndo unamnunulia, wengine watajipanga humo humo. Ukisema unataka ya kumfaa kila mtu sawasawa utaishia kuchukua ambayo haimfai yeyote vizuri.

Na kama kwenye hiyo karatasi kila kazi uliyoandika simu ya mhusika inaifanya vizuri tu, basi tulia na pesa yako kwanza, hakuna haraka.

Hatua ya 2: Saizi, na hapa usiharakishe

Inchi zinazoandikwa kwenye boksi zinapimwa kona kwa kona ya kioo, yani mshazari, si upana. Inchi 1 ni sentimita 2.54. Watu wengi wanaona 8 na 10 zinakaribiana, tofauti ni inchi 2 tu, lakini ukipiga hesabu ya eneo la kioo, chenye inchi 10 kinakizidi cha inchi 8 kwa zaidi ya nusu, kama asilimia 56 hivi kwa umbo lile lile. Ni tofauti kubwa sana ukianza kusoma.

Fanya hivi kabla hujaenda dukani: chukua boksi gumu na rula, kata kipande cha sentimita 17.2 kwa 10.8, hicho ni kioo cha inchi 8. Kata kingine cha 21.8 kwa 13.6, hicho ni cha inchi 10.1. Kama unafikiria ya inchi 11 kata 23.7 kwa 14.8. (Hizi ni za umbo la mstatili mrefu ambalo tableti nyingi za Android zinalo, za iPad ni fupi zaidi na pana zaidi.) Ongeza kama sentimita moja kila upande kwa ajili ya fremu. Sasa mpe mtoto akishike kwa mikono miwili, mpe bibi akiwa amekaa kwenye kiti chake, weka kwenye begi la shule uone kama linafunga. Dakika kumi tu hizo, na zitakusaidia kuliko video nyingi za mtandaoni, maana kwenye video mkono unaouona ni wa mtu mwingine.

Kwa mwanafunzi kuna jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi. PDF nyingi za shule zimepangwa kwa karatasi ya A4, ambayo upana wake ni sentimita 21. Kwenye kioo cha inchi 8 kilichosimamishwa wima upana ni 10.8, kwa hiyo ukurasa mzima unabanwa hadi nusu, herufi ya saizi 12 inakuwa kama ya 6, hapo ni kukuza na kusogeza kushoto kulia kila mstari mpaka mtoto anachoka anaacha. Kwenye inchi 10.1 herufi hiyo inakuwa kama 7 na nusu mpaka 8, inasomeka japo kwa kubana macho kidogo. Kwenye iPad ya inchi 11, kwa sababu ni pana zaidi, inafika kama 9. Na zile kubwa za inchi 13 ukurasa unakaa karibu saizi yake halisi. Kwa hiyo kama kazi kubwa ni vitabu vya PDF, usishuke chini ya inchi 10, hata kama ya 8 ina punguzo.

Uzito nao. Za inchi 8 mpaka 9 nyingi zina gramu 300 mpaka 350 hivi, za 10 mpaka 11 zinacheza kwenye 450 mpaka 500, za inchi 13 na kuendelea zinaenda kama 580 na zaidi. Gramu 480 ukizishika mkono mmoja ukiwa umelala chali unasoma, kifundo cha mkono kinaanza kulalamika mapema tu, na hapo bado hujavalisha kava, maana kava nene za watoto peke yake zinaongeza gramu mia mbili na zaidi. Mtoto wa miaka 3 mpaka 6 mpe ya inchi 8, mikono yake inaimudu. Mzee ambaye macho yamepungua nguvu mpe 10 au 11 yenye kava la kusimama, aiweke mezani asiibebe.

Hatua ya 3: Vilivyomo ndani

Hapa ndo maneno mengi ya biashara yapo, wewe angalia mambo machache tu.

RAM (memori ya muda ya kuendeshea apu): 4GB ndo pa kuanzia kwa sasa. 2GB usinunue kabisa, utafungua apu moja nyingine inajifunga. 3GB ni ya katuni na kusoma tu. Na uwe makini na maandishi kama "RAM 16GB" kwenye tableti ya bei ya kutupa, soma vizuri utakuta pembeni kwa herufi ndogo 4GB + 12GB, hizo 12 zimekatwa kwenye memori ya kuhifadhia, ni za polepole, hazina nguvu ya RAM halisi, kwa hiyo hesabu ile namba ya kwanza tu.

Memori ya kuhifadhia: 64GB ndo chini kabisa, 128GB ndo raha. Mfumo wenyewe unakula sehemu kubwa kabla hujaweka hata picha moja, kwa hiyo 32GB inajaa haraka na ikijaa hata apdeti hazishuki. Android nyingi zina tundu la kadi ya memori, iPad haina hata moja, ukichukua iPad chagua GB za kukutosha tangu mwanzo.

Kioo: tafuta chenye nukta 1920 kwa 1200 kama ni inchi 10 au 11. Ile 1280 kwa 800 kwenye inchi 8 haina neno, lakini kwenye inchi 10 utaona herufi zina ukingo wa kukwaruza. Na kama familia inaangalia filamu za kulipia na tableti ni Android uliza kama ina Widevine L1, yani idhini ya kuonyesha filamu hizo kwa ubora wa juu, isipokuwa nayo huduma kama Netflix zitakuonyesha picha ya kiwango cha chini hata kioo kiwe kizuri vipi. Ukishakuwa nayo mkononi kuna apu za bure za kuangalia hilo kwa sekunde chache.

Chaja iwe ya USB-C. Umoja wa Ulaya umeilazimisha kwa simu na tableti mpya tangu tarehe 28 Desemba 2024, kwa hiyo ukikuta mpya bado ina ule mdomo mdogo wa zamani wa micro USB ujue ndani kuna vitu vya zamani pia.

Laini au waifai tu? Yenye laini inapanda bei. Kama kila mtu mzima nyumbani ana simu inayoweza kuwasha hotspoti, ya waifai inatosha kabisa. Ila ukitaka ramani barabarani kumbuka iPad ya waifai tu haina GPS ndani, inayo ile yenye sehemu ya laini.

La mwisho na ndo linalosahaulika kuliko yote: apdeti. Uliza itapata matoleo mapya na viraka vya usalama kwa miaka mingapi. iPad Air 2 ilitoka mwaka 2014 na iliendelea kupokea mifumo mipya mpaka ule wa mwaka 2021, miaka 7 hiyo. Kuna tableti za bei ya chini ambazo hazipati hata apdeti moja toka zitoke kiwandani. Apu za benki, za shule, za mawasiliano, zote zikifika wakati zinakataa mfumo wa zamani, na hapo kifaa kizima hata kama kioo hakina mkwaruzo hakina kazi tena.

Hatua ya 4: Sasa ndo pesa

Ili upate picha ya bei zinavyopangwa, nakupa bei za kutangazwa Marekani bila kodi, kwingine kote jua zitapanda kwa kodi na usafiri. iPad ya kwanza kabisa mwaka 2010 ilianzia dola 499, kioo cha inchi 9.7 na GB 16. Mwaka 2015 Amazon ikatoa Fire ya inchi 7 kwa dola 50, hapo ndo watu walijua tableti inaweza kuwa kitu cha kumpa mtoto. Kwa miaka hii ya karibuni Samsung Galaxy Tab A9+ ya inchi 11 ilianzia dola 220 hivi, iPad ya kawaida ya 2025 inchi 11 na GB 128 ilianzia 349, iPad mini ya 2024 inchi 8.3 dola 499, na iPad Pro ya inchi 13 ya mwaka huo huo 1,299. Unaona iPad mini ni ndogo lakini ina bei kuliko ya inchi 11? Kwa hiyo saizi peke yake haipangi bei, kilichomo ndani ndo kinapanga.

Njia ninayoiamini mimi ni kugawa bei kwa miaka. Tuseme moja ni dola 60 na baada ya mwaka mmoja imekuwa ya polepole haifai, umelipa 60 kwa mwaka. Nyingine ni 220 ikakaa miaka 5, hiyo ni 44 kwa mwaka. Ya 349 ikikaa miaka 7 ni kama 50. Ghafla ile "rahisi" ndo ya ghali kuliko zote tatu, na juu yake umeumia roho mwaka mzima. Halafu kwenye bajeti ongeza kava, protekta ya kioo, na kama ni ya mwanafunzi labda kibodi au kalamu, vitu hivi vinaweza kufika robo ya bei ya kifaa, viwekee pesa yake mapema usije ukatembea na kioo kitupu wiki ya kwanza ambayo ndo wiki ya kuangusha.

Iliyotumika? Ndio, inaweza kuwa nzuri kuliko mpya ya hali ya chini, ila kwa masharti ya hatua inayofuata.

Hatua ya 5: Kagua kabla hela haijatoka mkononi

Iwashe palepale. Ingia Mipangilio, sehemu ya kuhusu kifaa, soma toleo la Android na memori, linganisha na boksi. Tableti feki zinaweza kudanganya hata hapo, kwa hiyo pakua apu ya kusoma vifaa kama CPU-Z, ikikwambia Android 10 na boksi linasema 14, rudisha. Ukiona boksi linasema 1TB kwa bei ya chakula cha mchana, usiulize hata maswali, ondoka.

Halafu fungua Play Store, gusa picha ya akaunti, nenda mipangilio kisha kuhusu, pale chini inatakiwa iseme kifaa kimeidhinishwa. Hili ni muhimu sana. Mwaka 2025 watafiti wa usalama walitangaza mtandao ulioitwa BADBOX 2.0, vifaa zaidi ya milioni 1 vya Android visivyoidhinishwa, zikiwemo tableti, na vingine vilikuwa na programu mbaya toka kabla mteja hajafungua boksi. Unampa mtoto kitu chenye kamera na maiki ndani, lazima ujue kimetoka wapi.

Kwa iliyotumika: fungua ukurasa mweupe mtupu angaza mwanga mpaka mwisho utafute madoa, pitisha kidole polepole kwenye kila sehemu ya kioo ukiburuta ikoni, ikikatika katikati kuna sehemu imekufa. Chomeka chaja uone inachaji, tikisa waya kidogo. Ilaze mezani kioo kikiangalia juu, ikiyumba au kioo kimeinuka pembeni betri imevimba, usiichukue hata kwa bure. Na mwambie muuzaji atoe akaunti yake mbele yako na aifute kabisa, akisema "utatoa mwenyewe nyumbani" hiyo si yake au hajui paswedi, vyote viwili ni hasara kwako.

Hatua ya 6: Ipange kabla hujamkabidhi mtu

Ichaji, iunge waifai, shusha apdeti zote, hii inaweza kula saa nzima na bando la kutosha, usianze mbele ya mtoto anayesubiri.

Kama itakuwa ya watu wengi na ni Android, ingia Mipangilio utafute watumiaji wengi, fungulia kila mtu sehemu yake na paswedi yake. Ndo dawa ya ugomvi wa nani kafuta picha za nani, na meseji za mama hazitokei mtoto akiwa anacheza. Kila mtumiaji anakula nafasi yake kwenye memori, ndo maana nilisema 128. iPad ya nyumbani haina hii, wote mnaingia kwenye akaunti moja, kwa hiyo iPad nzuri zaidi iwe na mwenyewe mmoja.

Kwa mtoto, Android tumia Family Link ya Google, unaiweka kwenye simu yako: unapanga muda kwa siku, saa ya kulala inajifunga, apu haishuki mpaka uikubali. iPad kuna Muda wa Skrini kwenye mipangilio yake, ilikuja mwaka 2018. Na kwa vile vitoto vidogo ambavyo vidole havitulii, kuna njia ya kufunga kwenye apu moja tu, Android inaitwa kubandika apu, iPad inaitwa Guided Access, ukishaiwasha unabonyeza kitufe mara tatu, mtoto hatoki kwenye katuni kwenda kumpigia bosi wako. Weka pia paswedi kwa kila manunuzi, kila, usiache hata ile nafasi ya dakika 15 baada ya kununua kimoja.

Kwa mzee: kuza maandishi, punguza ikoni mpaka zibaki sita hivi kwenye ukurasa mmoja, zima arifa zote isipokuwa simu na meseji, weka picha za watu kwenye majina yao ili aguse sura asitafute jina. WhatsApp inaunganishwa kwenye tableti ya Android bila kuitoa kwenye simu, na ya iPad ilitoka 2025. Kaa naye ajipigie mwenyewe, mkono wake ndo ubonyeze, wewe usishike.

Hatua ya 7: Siku kwa siku

Muda wa watoto: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 unasema chini ya miaka 2 hakuna kioo kabisa, na kwa miaka 2 mpaka 4 isizidi saa 1 kwa siku, ikipungua ni bora zaidi. Wakubwa wapumzishe macho, kila dakika 20 aangalie kitu kilicho mbali kama mita 6 kwa sekunde 20. Mimi naongeza moja, chaja ikae sebuleni. Tableti ikichajiwa chumbani kwa mtoto hakuna sheria itakayofanya kazi usiku, ikichajiwa sebuleni nusu ya ubishi umeisha bila kupiga kelele.

Betri hizi za lithiamu zinachukia joto kuliko kitu kingine. Usiichaji chini ya mto au ndani ya kava nene la sponji, usiiache juu ya dashibodi kwenye jua. Ikiwezekana icheze kati ya asilimia 20 na 80, tableti nyingi mpya zina kitufe cha kuzuia isipite 80, washa hicho usahau.

Apdeti zikikoma, toa apu za benki na barua pepe, iache iwe ya kusomea vitabu na kuangalia video zilizopakuliwa. Ukitaka kumpa mtu mwingine, toa kwanza akaunti yako ya Google kwenye Mipangilio ndo uifute kupitia hapo hapo, na kwa iPad zima ile sehemu ya kutafuta kifaa kilichopotea kwanza kisha ufute, ukirukia kuifuta kwa vitufe vya pembeni huku akaunti bado imo, atakayeipokea atakuta imefungwa na itabidi akutafute wewe ndo aifungue.